Swali Lililopelekwa Berlini

Berlini, 22 Mei 1912

Dada yangu Balbina,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima, wewe na mama mkwe wako na wote wa hapo Lumemo. Mimi sijambo. Kifua kilinisumbua wakati wa baridi, sasa kimetulia. Bibi mwenye nyumba amelichukua blanketi langu la pili, maana kwa maoni yake kiangazi kimefika. Kwa maoni yangu bado.

Kazi ni ileile. Kila asubuhi nasimama mbele ya vijana watakaokuja huko kwetu kuwa makarani na mabwana shamba. Nawatamkia Kiswahili, nao wananifuata. "Beba mzigo. Weka chini. Nyamaza." Hayo ndiyo ya ukurasa wa kwanza, na huu ni mwaka wa sita nayatamka. Kindamba sijakisikia tangu nipande meli. Wakati mwingine nakisema peke yangu nikivaa viatu, ili kisinipotee, na yule bibi hugonga ukuta akidhani nimeleta mgeni.

Nikupe habari moja ya kukufurahisha. Hapa kuna baraza kuu la Wajerumani ambapo wajumbe wa nchi nzima hukaa na kubishana. Wamekaa kwa vyama: wa kulia ni mabwana wa mashamba na marafiki wa serikali, wa katikati ni Wakatoliki, wa kushoto ni wa wafanyakazi. Mwezi huu wamepitisha desturi mpya. Siku mbili kwa wiki, saa ya kwanza ni ya maswali. Mjumbe yeyote husimama na kuiuliza serikali swali fupi, na serikali lazima ijibu palepale. Fikiri, dada! Serikali inaulizwa na inajibu! Wanafunzi wangu wamebishana juu ya jambo hilo darasani hadi mwalimu mkuu akaja kuwatuliza.

Niandikie habari za mvua na mpunga. Niandikie hata yasiyo na maana.

Ndugu yako,
Wendelin

*

Lumemo, 4 Agosti 1912

Mdogo wangu Wendelin,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa mkono wa mwalimu Donati, katekista wetu, aliyetoka nayo Mahenge. Nimeisoma mwenyewe. Masista waliokuwa wanatupa uji wakati wa njaa ndio walionifundisha kusoma. Nilikwenda kwa ajili ya uji, nikarudi na herufi na jina la ubatizo.

Huku ni wazima. Mto ulijaa kuliko mwaka jana, ukashuka vizuri, mpunga wa Michenga umekubali. Tembo wamekula wa watu wa mwisho kule kingoni. Kambale ni wengi hata watoto wanawashika kwa vikapu. Mama mkwe macho yamepungua nguvu lakini masikio bado. Mbwa wakibweka tu, anasema, "Balbina, nenda ukaone." Naenda. Huwa ni mpita njia.

Sasa nikueleze jambo. Kuna mtu, Sebastiani, mjane wa Michenga mwenye watoto wawili. Ametuma wazee wake mara mbili, na sikuwafukuza. Nilikwenda kwa padre. Padre akaniuliza, "Mumeo wa kwanza yuko wapi?" Nikasema, "Libenanga alichukuliwa na askari mwaka wa vita, kabla ya mimi kubatizwa. Hajarudi." Akasema, "Kutorudi si kufa, mama. Niletee cheti, au shahidi aliyeona. Bila hivyo siwezi."

Wendelin, cheti nitakipata wapi? Walimchukua kivukoni, mkono wake ungali na upondo. Mtu mmoja wa Mbingu alisema alimwona Kilosa kwenye mnyororo. Mwingine alisema ni Dar es Salaam. Mwingine akasema amepelekwa kisiwani. Miaka saba karibu inatimia. Sijalia matanga wala sijapika chakula cha kumpokea. Nimekaa katikati kama mlango usiofungwa.

Umesema serikali lazima ijibu palepale. Basi niulizie. Swali langu ni fupi: Libenanga, mvushaji wa kivuko cha Kilombero, yuko wapi?

Na wewe ulikuwa mkalimani wa askari wakati ule. Hukusikia lolote?

Mama mkwe anakusalimu. Anasema wewe ndiye uliyemfundisha mwanawe kuhesabu kwa Kiswahili.

Dada yako,
Balbina

*

Berlini, 20 Oktoba 1912

Dada Balbina,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa mama. Nimefurahi kusikia habari za mpunga. Hapa majani yameanguka yote, na jua linatoka kama linalazimishwa. Juzi mtoto mdogo barabarani aliomba kushika mkono wangu, mama yake akamruhusu. Aliushika, akautazama wake kama umechafuka, akaondoka. Ilikuwa mara ya kwanza mwezi huo mtu kunigusa.

Kuhusu lile jambo, limenichukua muda kwa sababu si rahisi kama nilivyokuandikia. Kuna mjumbe wa kushoto, zamani mpiga chapa, mtu mwenye ndevu na sauti ya radi. Aliwahi kuja chuoni kuuliza maana ya neno fulani. Nimemwendea na swali lako. Alisimama akanishika mabega. "Hili ndilo tunalolitafuta!" akasema. "Nitawachoma nalo!" Sikupenda neno hilo, lakini nilimpa karatasi.

Siku ya tatu akaja mjumbe wa katikati, Mkatoliki, mpole, amevaa msalaba mdogo kwenye koti. Alikuwa amesikia. Akasema, "Huyu mama ni muumini wetu, na wamisionari ni wetu. Swali ni letu kuliuliza, na tutaliuliza kwa adabu. Wale wa kushoto hawamjui hata Mungu, watamjua vipi dada yako?" Mpiga chapa alipopata habari aligonga meza. Sasa wanabishana nani aliandikishe. Kanuni ni kwamba swali moja haliulizwi mara mbili. Na wa kulia wanasema saa yote ya maswali ni upuuzi, wanataka ifutwe. Kwa hiyo inabidi kungoja.

Kuhusu mimi, wakati ule kikosi kilikuwa na watu wengi na mateka wengi. Mkalimani huitwa anapohitajiwa.

Je, huyo Sebastiani ni mtu wa namna gani? Hujasema.

Ndugu yako,
Wendelin

*

Lumemo, 2 Januari 1913

Mdogo wangu,

Marahaba. Noeli imepita salama. Tulienda kanisani kwa mtumbwi kwa sababu njia imekatika mara mbili. Sista mmoja amekufa kwa homa, yule aliyenifundisha. Nimelima nusu ya shamba, nusu nyingine maji yamewahi. Mama mkwe alianguka mlangoni akaumia nyonga, sasa nambeba kumtoa nje na kumrudisha. Ni mwepesi kama mzigo wa kuni kavu.

Umeniuliza Sebastiani ni mtu wa namna gani. Ni mtu wa maneno machache. Mama alipoanguka alikuja na kitanda cha kamba alichokisuka mwenyewe, akakiweka, akaondoka bila kunywa maji. Mtoto wake wa kike ameanza kuniita mama nikiwa kisimani. Nimemkataza mbele ya watu. Tukiwa wawili simkatazi.

Sasa nami nakuuliza. Hao wazungu wanagombania swali langu kwa ajili gani? Kama mmoja hawezi, aulize mwingine. Mimi sina chama. Nikipiga hodi na mlango ukafunguliwa na mtumwa au na bwana, kwangu ni sawa, ilimradi niambiwe kama mwenyewe yumo.

Na katika barua yako umejibu kila jambo ila moja. Nilisoma mara tatu nikidhani ni macho yangu. "Mkalimani huitwa anapohitajiwa." Haya. Uliitwa?

Sitaandika tena mpaka unijibu hilo.

Balbina

*

Berlini, 18 Aprili 1913

Dada yangu,

Shikamoo. Pole sana kwa kufiwa na sista, na pole kwa nyonga ya mama. Hapa theluji imeisha lakini baridi haijaondoka. Naandika nikiwa bado na koti, nimetoka barazani sasa hivi.

Swali lako limeulizwa leo, Ijumaa.

Mpiga chapa alinipatia kibali cha kukaa juu, mahali pa watazamaji. Nyumba ni kubwa kuliko kanisa lolote nililoliona, na watu wa chini wanaonekana vichwa tu, vingi vina upara. Swali lilikuwa la sita kwenye orodha. La tano lilihusu ushuru wa nyama, na walizozana juu yake hadi rais wa baraza akapiga kengele mara nne. Wa kulia walikuwa wanataka saa iishe. Mmoja wao alifungua gazeti na kulisoma wazi kabisa, wa kushoto wakampigia kelele, wengine wa kulia wakasimama kumtetea. Nilitazama saa ukutani. Zilibaki dakika saba.

Kisha likaja letu. Lakini dada, halikuwa lako tena. Ili vyama viwili vikubaliane, waliliandika upya. Jina la Libenanga waliliondoa, kwa sababu kanuni inataka jambo la wote, si la mtu mmoja. Kivuko nacho kiliondolewa. Mpiga chapa alisoma: "Je, serikali iko tayari kueleza hatima ya wafungwa waliochukuliwa katika machafuko ya kusini mwa koloni?"

Mtu wa serikali akasimama, mtu safi, mwenye miwani. Akasema, "Kumbukumbu za miezi ile hazikukamilika kwa sababu ya hali ya vita." Akakaa.

Ni hivyo tu. Wa kulia walipiga makofi. Mpiga chapa akauliza kama anaweza kuuliza zaidi, rais akasema muda umekwisha, wa kushoto wakapiga madawati, Mkatoliki akasimama kulalamika kwamba swali lilisomwa kwa ukali usiotakiwa na ndiyo maana jibu likawa fupi. Hapo wakaanza kugombana wao kwa wao, wale wawili walioleta swali pamoja. Kengele ililia. Hakuna aliyekuwa anazungumza habari za wafungwa tena.

Nilibaki nimekaa hadi mfagiaji akaja kuniambia wanafunga.

Hilo ndilo jibu la serikali. Nitakuandikia zaidi.

Wendelin

*

Berlini, 21 Aprili 1913

Dada Balbina,

Shikamoo. Barua hii itapanda meli moja na ile ya juzi. Soma ile kwanza.

Pale juu nilipokaa, palikuwa na mtu mmoja tu katika nyumba nzima aliyejua jibu la swali lako, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilimpelekea mpiga chapa karatasi yako nikitumaini kwamba mahali fulani kuna daftari la serikali litakalosema, ili mimi nisiseme. Vyama vilipogombana nilifurahi, Mungu anajua. Kila mwezi waliogombana ulikuwa mwezi wangu.

Umeniuliza kama niliitwa. Niliitwa.

Ilikuwa Februari 1906, kambini ng'ambo ya mto, asubuhi. Walileta watu kumi na mmoja. Libenanga alikuwa wa nne. Alikonda, lakini niliujua mwendo wake kabla sijaona uso. Naye aliniona. Hakuita jina langu. Alinitazama kama mtu anayengoja ndugu yake aanze kusema.

Ofisa akauliza kwa Kijerumani, nami nikageuza kwa Kindamba, "Uliwavusha watu waliobeba dawa ya vita?"

Akasema, "Navusha kila mtu. Ndiyo kazi yangu."

"Ulijua walibeba nini vibuyuni?"

Akajibu kwa Kiswahili, "Maji. Maji ni maji tu."

Wewe unajua alimaanisha nini. Alimaanisha kwamba kwake yalikuwa maji kama ya mtoni, hakuyaamini wala hakuyaogopa. Lakini ofisa alilifahamu neno hilo moja la Kiswahili, na wakati ule mtu akilitamka ilikuwa kama ameshika mkuki. Niligeuza neno kwa neno. Ningeweza kuongeza, "Bwana, anasema hakuiamini dawa hiyo." Lilikuwa neno dogo. Sikuliongeza, kwa sababu ofisa alikuwa ananitazama.

Akaniuliza, "Mbona umesita? Unamfahamu mtu huyu?"

Nikasema, "Hapana, bwana. Simfahamu."

Nilisema kwa Kijerumani. Libenanga hakukijua Kijerumani. Mara nyingi nimejiambia kwamba hakuelewa. Lakini aliitikia kwa kichwa kidogo, polepole, kama mtu anayemwambia mwenzake, sawa, okoa uhai wako.

Walinyongwa kabla ya jua kufika utosini. Nilisimama karibu naye kwa sababu mkalimani alitakiwa kusoma hukumu. Nikaisoma. Walizikwa pamoja, upande wa machweo wa kambi, penye mitopetope mitatu. Ofisa aliniona mtu wa kuaminika, akanichukua Ulaya. Hivyo ndivyo nilivyofika hapa, dada. Nyumbani niliwaambia nimechaguliwa kwa sababu ya akili.

Mwonyeshe padre karatasi hii. Mimi ndiye shahidi aliyeona.

Wendelin

*

Lumemo, 13 Julai 1913

Wendelin,

Barua zako mbili nimezipata siku moja. Nilisoma ile ya kwanza kwanza, kama ulivyosema.

Siku nane sikumwambia mtu. Nilivuna. Nilipura mpunga. Usiku mama mkwe alinisikia nikigeuka kitandani, akaniuliza, "Nani amekufa?" Siku ya tisa nikamwambia. Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza neno moja tu. "Nani alikuwa karibu naye?"

Nikasema, "Wendelin."

Akashika mkono wangu kwa mikono miwili. Akasema, "Ahsante Mungu. Basi hakuwa peke yake. Alikuwa na shemeji yake."

Nilifungua kinywa nimweleze, nikashindwa. Tangu siku hiyo anakuombea. Kila jioni anataja jina lako baada ya la mwanawe, na mimi nimekaa hapo naitikia. Sasa nimebeba uongo ambao si wangu.

Tulikaa matanga siku tatu. Watu walikuja mpaka wa Mbingu. Nilinyoa nywele. Nililia sana, na nakiri kwamba mara nyingine sikujua namlilia nani. Wewe nilikubeba mgongoni mama yetu alipokuwa mgonjwa, hadi ukaweza kutembea. Nimejaribu kukuchukia, mikono inakataa. Nimejaribu kukusamehe, nayo inakataa. Ningekuwa pale, mimi ningesema nini? Sijui. Ila mimi sikuwa pale. Wewe ulikuwa pale.

Nilikwenda na mwalimu Donati hadi penye ile mitopetope. Mmoja umekauka. Pamelimwa mtama. Mwenye shamba hakujua kitu. Tulipomweleza aliweka jembe chini, akasema hatalima tena pale.

Padre amesoma barua yako mara mbili. Amesema inatosha, naweza kuolewa. Nimemwambia Sebastiani asubiri. Aliuliza, "Mpaka lini?" Nikasema, "Mpaka aliyeandika karatasi hii asimame mlangoni kwa mama." Amekubali. Sijui kama ameelewa.

Kwa hiyo sikiliza. Kifo nimeweza kumwambia mama. Lile jibu ulilompa ofisa sitamwambia. Wewe ni mkalimani, unajua kusema maneno ya watu wengine. Hayo ni yako. Njoo uyaseme mwenyewe, na uje angali hai.

Balbina

*

Kilosa, 9 Novemba 1913

Dada Balbina,

Shikamoo, kama bado utaipokea.

Naandika kituoni. Nimeacha kazi. Mwalimu mkuu aliniuliza nimekosewa nini, nikamwambia hakuna aliyenikosea. Mpiga chapa alitaka nibaki hadi baraza lifunguliwe tena, anasema safari hii watauliza kwa nguvu. Nilimwomba asiulize.

Melini nilikuwa peke yangu kwa siku ishirini na tatu, nikajifunza maneno nitakayomwambia mama. Kwa Kijerumani yalikaa sawa. Kwa Kiswahili pia, ni lugha yangu ya kazi. Jana usiku nimejaribu kuyasema kwa Kindamba, sikufika mwisho. Huenda nitakapokuwa mbele yake nitakwama. Nikikwama, tafadhali usinisaidie.

Usitume watu kunipokea, wala usichinje kitu. Nimemwandikia mwalimu Donati anipe mahali pa kulala, ili usilazimike. Mama akiniambia niondoke, nitaondoka. Akikaa kimya, nitakaa kimya naye hadi atakaponiambia neno, liwe lolote.

Barua hii inatangulia na tarishi, mimi nafuata na wachukuzi kesho alfajiri. Wanasema mvua zimeanza mapema milimani na Kilombero inapanda. Nikikuta haivukiki, nitapiga kambi ng'ambo nisubiri ishuke, hata ikiwa ni mwezi. Lakini sirudi.

Mdogo wako,
Wendelin